Athari

Huku Ibra athari ni kipimo:
nusu saa ya maji ya falaji, haizidi.
Huuzwa, hurithiwa, huandikwa daftarini.
Kwa Kiswahili tulichokuja nacho
athari ni kile kinachobaki
jambo likishapita.
Mimi niliiba ya kwanza,
nikaachiwa ya pili.

Miaka saba, kila usiku wa Jumatano,
nilichomoa jiwe langu lililovishwa tambara
dakika kumi kabla ya zamu ya Bi Rayya kwisha.
Kumi tu.
Nani huhesabu dakika saa nane za usiku?
Ndimu zangu zikanenepa
hata nikaona haya kuzichuma mchana.

Ng'ambo ya ukuta wa udongo
alikuwa na mitende minane ya khalasi.
Mmoja ukakauka kichwa. Ukafuata mwingine.
Akanisimamisha njiani, bakora mkononi:
"Hilali, maji yangu yanakwenda wapi?"
Nikamjibu kwa lugha ya mamaye, na ya mamangu:
"Ukame, Bibi. Mwaka huu hata mlima una kiu."
Sentensi nzuri. Niliipenda
wakati ule ule nikiisema.

Halafu usiku mmoja Azzan, mwanangu, miaka tisa,
akinishikia tochi,
akanivuta kanzu na kunong'ona:
"Baba, zimebaki kumi. Sasa."

Sikulichomoa.

Nilimwambia Mungu kwanza,
kwa kuwa kwake hakuna mlango wa kubisha.
Imamu wa msikiti wetu alinisikiliza
huku akifuta miwani yake kwa ncha ya kilemba:
"Yake Mungu, mwombe Mungu.
Ya Rayya, nenda kwa Rayya."
Akavaa miwani. Mazungumzo yakawa yameisha.

Nikaenda na bahasha ya riali mia nne
na bakuli la halwa, kama mtu aendaye kuposa.
Nikaanza kwa Kiarabu, kile cha hotuba,
kilichojaa rehema na kadari.
Akainua kiganja:
"Sema kwa lugha uliyonidanganyia."

Nimekuibia maji.

Maneno mawili. Hamna uchochoro wa kupenya.
Kahawa ikapoa katikati yetu.
Hakulia, wala hakunitukana;
alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja
mitende iliyokufa, vikaisha vyote.
Kisha akaisukuma bahasha:
"Mitende haili noti."
Basi chukua zamu yangu nzima, nikasema,
chukua na ya Ijumaa.
"Hiyo ni sadaka, Hilali. Mimi si maskini wako.
Nataka changu.
Kumi kwa kumi, usiku kwa usiku,
kama ulivyochukua."
Miaka saba, Bibi?
"Nina themanini na moja.
Nikifa, miti itapokea."
Halwa aliibakisha. Alisema hiyo haina kosa.

Huu ni mwaka wa tatu.
Ndimu zangu zimekuwa ndogo kama kokwa,
mke wangu ananiuliza sokoni tutapeleka nini.
Ng'ambo ya ukuta kuna machipukizi matano;
mawili sina hakika nayo.
Hajawahi kusema amenisamehe.
Azzan aliniuliza, nikamwambia shika tochi vizuri.

Jumatano iliyopita zamu yake ikaisha.
Nikachuchumaa na saa yangu, maji yakimpitia,
moja, mbili, hadi kumi.
Na sijui ni wema au ni uvivu wa dhamiri
unaotaka kulipa haraka,
nikaliacha jiwe mahali pake.
Kumi na moja.
Kumi na mbili.

Dirishani, gizani, sauti:
"Hilali. Zimetimia.
Chukua yako."

Nikachomoa.
Mpaka alfajiri mkono wangu
ulikuwa ukinuka tambara bichi.